Maswa: Nchi Yetu Tusiyoitembelea

Watu wa Visiwani ni wasafiri tangu jadi. Huvuka bahari kwenda Dar es Salaam kwa matibabu, Tanga kwa harusi, Mombasa kwa mazishi, Maskati na Dubai kwa biashara. Na mwenye kujaaliwa huenda Makka kutimiza nguzo ya tano. Lakini kwenda Bara kwa ajili ya kuiona Bara tu, bila ya mgonjwa, bila ya mzigo wa kuuza na bila ya barua ya semina mfukoni, bado ni jambo geni kwetu. Akitokea mtu akasema kuwa likizo yake ya mwaka ataitumia Maswa, jirani zake watamwuliza ana nani huko.

Sisi hatukuwa na mtu Maswa. Tulikuwa wasafiri tisa, wengi wetu watumishi wa serikali, pamoja na walimu wawili wa skuli ya sekondari na baba mmoja aliyestaafu kazi ya bandari. Mwezi wa Juni tulikodi basi dogo Dar es Salaam, tukafunga mahema juu ya paa, tukapakia magodoro, majiko, madumu ya maji na gunia la mchele, kwa kuwa mtu wa Unguja hata akienda mwisho wa dunia hamwamini mtu mwingine katika suala la mchele. Nia yetu ilikuwa kulala tutakapofika, kuona vijiji na mashamba, na kusikiliza wenyeji wakitueleza habari za kwao.

Mapumziko ya namna hiyo yamezoeleka kwa wenzetu wa nchi nyingine. Waingereza wana vijumba vya magurudumu wanavyoviita karavani. Chama chao cha wasafiri wa vijumba hivyo kiliundwa mwaka 1907, zama hizo vikivutwa na farasi na vikiwa anasa ya wenye nafasi. Baadaye vikaja kufungwa nyuma ya magari, na karani wa posta au mfanyakazi wa kiwanda naye akapata chake. Huenda kukaa wiki nzima pembezoni mwa kijiji cha kale. Asubuhi huangalia kanisa la zamani na makaburi yake, mchana hupita kwa miguu katika njia za mashambani, na jioni hurudi kwenye kijumba chake kupika chai. Kipo kijiji kimoja kiitwacho Lacock, katika jimbo la Wiltshire, ambacho mmiliki wake, Matilda Talbot, alikikabidhi mwaka 1944 kwa National Trust, jumuiya ya kuhifadhi ardhi na majengo iliyoanzishwa mwaka 1895. Lacock haina piramidi wala dhahabu. Ina nyumba za watu wa kawaida, ghala la zamani, barabara chache, na wapangaji wanaoishi humo mpaka leo wakianika nguo zao kama watu wengine. Hata hivyo wageni hawaishi kufika.

Hatuitaji Lacock kwa kuwa tunataka kumwiga Mwingereza. Huyo huyo aliyekuwa akihifadhi nyumba za wakulima wake mwaka 1944, miaka mitatu baadaye alikuwa Usukuma akianzisha mpango wa kuwaamuru wakulima wetu namna ya kupiga matuta na idadi ya ng'ombe wa kubaki nao. Tunaitaja kwa sababu ya jambo moja tu alilolifahamu mapema kuliko sisi, kwamba nyumba ya mtu wa kawaida nayo ni historia, na kwamba historia hiyo hupotea haraka kuliko ngome ya mawe.

Kwa upande wetu, misafara si jambo la kufundishwa. Katika karne ya 19 njia iliyoanzia Bagamoyo ikapita Tabora na kwenda kaskazini hadi Ziwa Nyanza ilikanyagwa na nyayo za watu waliotoka Unguja, na pembe za ndovu zilizofika Forodhani zilibebwa mabegani mwa Wanyamwezi na Wasukuma. Mwaka 1858 Speke alipopita huko na kuliona ziwa tarehe 3 Agosti, alikuwa na Sidi Mubarak Bombay, mtu aliyetokea Unguja. Tarehe 17 Novemba 1874 Stanley aliondoka Bagamoyo na msafara wa zaidi ya watu 300, wengi wao wangwana wa Unguja na wapagazi wa Kinyamwezi, wakiwa wamebeba vipande vya mashua iliyoitwa Lady Alice. Walipita nchi ya Usiha, jirani kabisa na Maswa, wakafika Kageye ukingoni mwa ziwa tarehe 27 Februari 1875, baada ya zaidi ya siku 100 za njaa, maradhi na mapigano. Wengi hawakufika. Mashua ikaunganishwa, ikatiwa majini mwezi wa Machi, ikalizunguka ziwa kwa siku 57. Vitabu humsifu aliyekaa mbele ya mashua. Waliopokezana kuibeba kuvuka nyika, na ambao baadhi yao walikuwa babu zetu, hawana hata jiwe la kumbukumbu katika njia yote hiyo. Basi Mzanzibari anayekwenda Usukuma aelewe kwamba anafuata nyayo za watu wa kwao.

Sisi tulikwenda kwa raha zaidi. Tulilala Dodoma, tukalala Singida, na siku ya tatu tukapita Nzega na Tinde hadi Shinyanga. Mbele ya Shinyanga, katika njia ya Mwanza, ipo njia panda ya Mwigumbi. Hapo huiacha barabara kuu ukashika upande wa kulia, na baada ya kilomita 50 za lami uko Maswa. Watumishi waliowahi kufanya kazi huko zamani watakumbuka barabara hiyo ilivyokuwa wakati wa masika, na jinsi udongo mweusi wa mbuga ulivyokuwa ukimeza magurudumu hadi ekseli. Lami hiyo ni kazi ya kupongezwa. Lakini barabara nzuri ina hila yake, kwani humfanya msafiri apite Maswa kwa nusu saa akiwa usingizini, aamkie Bariadi.

Maswa ya leo ni ndogo kuliko jina lake. Wakati wa ukoloni wilaya hiyo ilikuwa nchi kubwa iliyofika hadi mipaka ya Serengeti, na makao yake yakiwa Nyalikungu. Bariadi na Meatu zilimegwa kutoka humo, Itilima ikaja baadaye, na tangu mwaka 2012 zote ziko katika Mkoa wa Simiyu, uliotolewa katika Mkoa wa Shinyanga na kuongezewa Busega kutoka upande wa Magu. Ndiyo maana mgeni akiuliza Pori la Akiba Maswa huelekezwa wilaya za jirani. Jina lilibaki porini, wilaya ikarudi nyuma. Tumekuta hata maofisa wanaochanganya mambo hayo mawili, wakadhani kuwa utalii wa Maswa ni simba na wawindaji wa kigeni basi. Simba wapo, lakini hatukuwafuata wao.

Tulipiga mahema yetu kusini mwa mji, katika uwanja tulioonyeshwa na mwenyekiti wa kijiji baada ya kujitambulisha na kuandikwa katika daftari lake. Nchi ile ni tambarare pana, na katikati yake hutokea ghafla vilima vya mawe makubwa yaliyopandana, mengine yakikaa juu ya mengine kwa namna ambayo mtu huogopa kupita chini yake. Mibuyu ni mingi, na hapo tulijiona tuko nyumbani. Juni ni wakati wa mavuno ya pamba. Kila kijiji kilikuwa cheupe mbele ya nyumba, akina mama na watoto wakichambua, na mikokoteni ya ng'ombe ikipeleka marobota kwenye vituo vya kununulia. Ugomvi wa bei ya pamba tuliusikia kila tulipoketi, nao unahitaji makala yake peke yake.

Watu walitupokea vizuri mno. Asubuhi utasikia "Mwangaluka" kabla hujafungua hema, na mchana "Mwadila", na asiyejibu huhesabiwa kuwa mgonjwa. Tulikula michembe ya viazi vitamu na maziwa ya mgando, nasi tukapika pilau wakaila kwa udadisi, wakisema wali wetu una dawa nyingi. Kwa ndugu watakaouliza habari za nyama, mji wa Maswa una Waislamu wake na msikiti wake, na kuku wetu walichinjwa kama inavyopasa. Lugha haikuwa taabu; Kiswahili kinafahamika kila pahala, ingawa wazee wakikolea katika mazungumzo hurejea Kisukuma, na hapo inabidi kijana mmoja atafsiri huku akicheka.

Ni katika mazungumzo hayo ndipo tulipoelekezwa kitu ambacho peke yetu tusingalikiona. Tulikuwa tumepita mara mbili pembeni ya mstari mrefu wa minyaa, ile miti ya utomvu mweupe isiyo na majani, iliyosimama katikati ya shamba la pamba ikaviringa kama duara lililokatika upande mmoja. Tulidhani ni mpaka wa shamba. Mzee mmoja, mwenye umri wa kupita miaka 70, akatuambia kwamba ule ulikuwa mji wa baba yake. Msukuma wa zamani alizungusha minyaa kuwa ua wa makazi yake: ndani ya duara kukawa na nyumba ya mkubwa wa mji, nyumba za wake na wana walioowa, maghala ya nafaka yaliyoinuliwa kutoka ardhini, na katikati zizi la ng'ombe. Mzee akatupitisha. Hapa palikuwa mlango wa ng'ombe. Hapa jiwe la kusagia, na jiwe lenyewe lipo, limechimbika katikati kama bakuli. Pale, chini ya mti, amelazwa babu yake. Kisha akatutembeza duara la pili na la tatu, yote yakiwa matupu, na kila moja lina jina la mwenyewe. Mahali tulipopaona kuwa shamba palikuwa kijiji.

Watu walihama mwaka 1974, katika Operesheni Vijiji. Sisi ni watu wa Chama, na hatuoni sababu ya kuzungukazunguka katika jambo hili. Kuwakusanya wananchi kulileta skuli, zahanati na visima mahali ambapo familia zilikuwa zimetawanyika mwendo wa saa nzima baina ya moja na nyingine, na Maswa ya leo yenye skuli katika kila kijiji haiwezi kuelezwa bila ya operesheni ile. Lakini ilifanywa kwa haraka, pengine kwa nguvu, na waliohamishwa waliacha nyuma makaburi, maghala, mazizi na malisho waliyokuwa wakiyatunza. Yote mawili ni kweli, na mzee yule aliyasema yote mawili kwa pumzi moja, bila ya chuki. Alichosikitikia ni kwamba wajukuu wake hawajui kuwa ule si mpaka wa shamba.

Ndugu wasomaji, neno "Ikulu" tunalitumia kila siku, Unguja kama Dar es Salaam. Asili yake ni huko. Kwa Wanyamwezi na Wasukuma ikulu ni makazi ya mtemi, mwenye kumiliki ngoma za enzi, aliyehukumu mashauri na kuongoza ibada za kuomba mvua. Nchi iliyokuwa Wilaya ya Maswa ilikuwa na tawala kadhaa za watemi, zikiwamo Itilima, Kanadi, Ntuzu na Mwagala, na kila moja ilikuwa na ikulu yake. Mwaka 1963 serikali iliondoa madaraka ya watemi kwa sheria. Tunaunga mkono uamuzi huo mpaka leo, kwa kuwa mkoloni alikuwa amewageuza watemi kuwa wakusanyaji wake wa kodi, na taifa changa lisingeweza kuwa na wenye amri wawili. Hata hivyo kuondoa madaraka ya mtu ni jambo moja, na kuacha nyumba yake ianguke bila ya kuandika jina lake ukutani ni jambo jingine. Wananchi huonyesha kwa kidole mahali ilipokuwa ikulu. Katika matembezi yetu yote hatukukuta kibao hata kimoja kinachosema hivyo.

Kwa watu wa Zanzibar hili si la kulisoma kwa umbali. Mji Mkongwe uliingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 2000, na bado tarehe 25 Disemba 2020 sehemu ya Beit al Ajaib iliporomoka mbele ya macho yetu, huku ikifanyiwa matengenezo, na watu wawili wakapoteza maisha. Ikiwa jengo maarufu kuliko yote katika mwambao linaweza kuanguka mchana, ua wa minyaa utasalimika kwa ulinzi wa nani?

Lipo jambo moja Maswa lililookolewa, nalo lilitufurahisha kuliko yote. Wasukuma wana malisho ya akiba wanayoyaita ngitili. Mvua zinapoanza, kipande cha ardhi hufungwa. Ng'ombe hawaingii, na majani hukua mpaka kiunoni. Kiangazi kinapokaza, malisho ya nje yakawa vumbi, ngitili hufunguliwa kidogo kidogo, kwanza kwa ndama, ng'ombe wanaonyonyesha na maksai wa kulimia. Zipo ngitili za familia na zipo za kijiji. Ulinzi wake haukutegemea polisi. Mkutano wa wananchi, dagashida, ndio uliopanga na kuhukumu, na mvunja amri alitozwa faini iitwayo mchenya.

Mpango huo ulikaribia kufa. Tangu miaka ya 1920 misitu ilifyekwa kwa maelfu ya mikono ili kumfukuza mbung'o. Baadaye pamba ikataka mashamba, mifugo ikaongezeka, na watu walipohamia vijijini ngitili nyingi zilibaki bila ya wenyewe. Kufika miaka ya 1980 Mwalimu Nyerere alitahadharisha kwamba Shinyanga, ambayo Maswa ilikuwa sehemu yake, inageuka jangwa. Mwaka 1986 ukaanzishwa mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, maarufu kwa jina la HASHI. Mwanzoni wataalamu walifikiri kupanda miche. Kisha wakafanya jambo la busara ambalo wataalamu hulifanya kwa nadra: wakawauliza wazee. Wazee wakasema fungeni ardhi, miti itarudi yenyewe, kwa kuwa visiki na mizizi ipo chini. Wakati mradi unaanza, ngitili zilizojulikana katika mkoa zilikuwa kiasi cha hekta 600 tu. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 zilikuwa zimepita hekta 300,000, katika vijiji zaidi ya 800. Mwaka 2002 kazi hiyo ilipewa Tuzo ya Ikweta ya Umoja wa Mataifa, na mradi ukafungwa mwaka 2004.

Tulitembea ndani ya ngitili moja tangu alfajiri mpaka jua lilipokuwa kali. Mara ukiingia, vumbi hukoma. Migunga imefungamana juu, majani makavu yana rangi ya asali, na mizinga ya nyuki imetundikwa kwenye matawi. Mlinzi wake, kijana wa miaka kama 30, alitutajia miti ya dawa, miti ya mipini ya majembe na miti ambayo mama yake huokota kuni zake zilizokauka. Mstaafu wetu wa bandari, aliyekuwa akinung'unika tangu Singida juu ya maumivu ya mgongo, alikaa chini ya mgunga mmoja akagoma kuondoka. Yule kijana alitueleza pia kwamba ndugu wawili wa familia jirani wamekwisha kugawana ngitili ya marehemu baba yao, kila mmoja akafyeka sehemu yake akapanda pamba. Watu wanaongezeka, ardhi haiongezeki. Hatumlaumu mkulima mwenye watoto saba. Tunasema kwamba ngitili ikimwingizia mwenyewe hata fedha kidogo kutokana na wageni, asali na malazi ya mahema, atakuwa na hoja ya kumwambia mdogo wake asifyeke.

Siku mbili tulizitumia upande wa reli. Kituo cha Malampaka kimo katika wilaya hiyo, juu ya njia ya Tabora na Mwanza iliyofika Mwanza mwaka 1928, na ndiyo iliyotoa pamba ya Maswa kwenda ulimwenguni. Njia ya reli mpya ya kisasa baina ya Mwanza na Isaka, iliyoanza kujengwa mwaka 2021, nayo hupitia Malampaka. Mbele kidogo, katika Wilaya ya Kwimba, ipo Malya, inayojulikana leo kwa Chuo cha Maendeleo ya Michezo. Kijana wa siku hizi hajui kwamba Malya ndiyo yalikuwa makao ya Shirikisho la Usukuma, ambapo watemi wote walikusanywa na Mwingereza baada ya Vita Kuu ya Pili, na kwamba amri za matuta na za kupunguza mifugo zilitoka hapo. Wananchi walizikataa. TANU ilipowasikiliza, serikali ya kikoloni ikazuia chama hicho kuendesha shughuli zake Usukuma tangu mwaka 1954 hadi 1958. Wanachama waliendelea kukutana kwa siri, na wakulima wa pamba wakajenga ushirika wao, wakaunganisha vyama vyao mwaka 1955 chini ya uongozi wa Paul Bomani. Kila mwaka tunapotoa hotuba za historia ya Chama, huanzia Mnazi Mmoja na kuishia Mnazi Mmoja. Malya na Malampaka hazitajwi.

Kutoka Maswa tulikwenda Bariadi, kilomita 50, kisha Lamadi, kilomita 72, ambako ziwa huonekana upande mmoja na lango la Ndabaka la Hifadhi ya Serengeti liko karibu upande wa pili. Tuliokuwa tukiona maji tukashangilia kama watoto. Kisha tukashika njia ya Magu hadi Kisesa, mahali palipo Makumbusho ya Wasukuma ya Bujora, umbali wa kilomita kama 20 kutoka Mwanza. Makumbusho hayo yalianzishwa na padri mmoja Mkanada, David Clement, na yana jengo lililojengwa kwa umbo la kiti cha enzi cha mtemi, ndani yake zikiwemo ngoma za tawala mbalimbali. Huko mtu huona kwa macho vitu ambavyo Maswa alivisikia kwa masikio. Mwezi huo wa Juni hufanyika pia Bulabo, sikukuu ya mashindano ya ngoma, ambapo Bagika na Bagalu, makundi mawili yenye uhasama wa kirafiki tangu enzi za Ngika na Gumha, hujaribu kuvuta watazamaji kwa kila hila, wengine kwa nyoka, wengine kwa majembe yanayorushwa hewani. Anayeshinda ni yule aliyekusanya watu wengi zaidi. Tungependa baadhi ya mikutano yetu ya hadhara ipimwe kwa kanuni hiyo.

Ni hapo Kisesa, mwezi wa Septemba 2021, machifu walipompa Rais Samia Suluhu Hassan jina la Chifu Hangaya, maana yake nyota inayong'aa. Binti wa Kizimkazi amesimikwa Usukuma. Wasukuma tuliokutana nao walitukumbusha jambo hilo kila mahali, wakatuuliza kwa utani tumelipa nini kwa heshima hiyo. Hatukuwa na jibu zuri.

Jibu tunaloliona sasa tunalielekeza kwa viongozi wa pande zote mbili. Halmashauri ya Wilaya ya Maswa haihitaji hoteli ya ghorofa. Inahitaji uwanja mmoja uliosafishwa, wenye choo, maji na mlinzi, ambapo mtu mwenye hema anaweza kulala kwa bei ya mwalimu, pamoja na vijana kumi waliofundishwa kusimulia habari za kwao. Sheria ya mali ya kale ipo tangu mwaka 1964, lakini macho ya wanaoisimamia yamezoea kuangalia magofu ya mwambao, Kilwa na Bagamoyo. Afisa utamaduni wa wilaya akipewa pikipiki, daftari na kijana mwenye kamera, kwa kiangazi kimoja anaweza kuandika majina ya ikulu, ya maduara ya minyaa na ya ngitili kongwe za wilaya yote. Aliyekuwa na miaka 20 wakati wa Operesheni Vijiji sasa amepita 70. Tumewazika wengi wa rika hilo Visiwani, na hapana sababu ya kudhani kuwa Maswa hawafi.

Upande wetu, tunawaomba waheshimiwa wanaopanga ziara za mafunzo waache kuwapeleka watumishi wetu kila mwaka katika kumbi zile zile zenye feni zile zile. Vyama vya wafanyakazi vingeweza kununua mahema ishirini na kuyakodisha kwa wanachama wao. Skuli za sekondari zingeweza kubadilishana wanafunzi wakati wa likizo, mtoto wa Makunduchi akalale Maswa na mtoto wa Maswa aje kuiona bahari. Wengi wa vijana tuliozungumza nao hawajawahi kuiona, na walituuliza kama ni kweli kwamba maji yake hayanyweki.

La dharura ni moja. Shamba lenye lile duara la kwanza la minyaa limo mikononi mwa mtu mwingine siku hizi, mkulima mpole aliyetukaribisha maji. Anasema minyaa inamlia eneo, na ana nia ya kuing'oa kabla ya mvua za Novemba ili apande pamba hadi mwisho wa shamba. Yuko tayari kuiacha ikiwa ofisi itamwandikia kwamba ni mahali pa kumbukumbu. Mzee naye yuko tayari kuonyesha mipaka na kutaja majina. Mwenyekiti wa kijiji ana nambari za simu zao wote wawili.